Namna ya Kulainisha Mashine Ili Vyuma Visilane

Pitisha ukucha juu ya shafti ya chuma iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Hutahisi mkwaruzo wowote. Iweke shafti hiyo hiyo chini ya hadubini, utaona milima na mabonde. Kwa hiyo vyuma viwili vinapolaliana havigusani kila mahali. Vinagusana kwenye vilele tu, na mzigo wote unabebwa na vilele hivyo vichache. Vilele hubonyea, hushikana kana kwamba vimechomelewa, kisha mashine inapoendelea kuzunguka hung'oka. Nguvu inayopotea katika kuving'oa ndiyo msuguano, nao unaujua kwa joto na kwa ugumu wa kuzungusha. Vipande vinavyong'oka ndio ulikaji. Na haviondoki: vinabaki katikati na kugeuka msasa.

Oili na grisi zina kazi moja iliyo juu ya nyingine zote, nayo ni kujipenyeza katikati ili vilele visikutane. Nimeona mashine zilizopendwa na wenyewe, zikamwagiwa oili kila wiki, na bado beringi, zile sehemu zinazoshikilia shafti inapozunguka, zikafa mapema, kwa sababu oili ilikuwa ya unene usiofaa, au ilimwagwa juu ya uchafu, au haikufika mahali vyuma vinapogusana. Chuma kilichokwisha kulika hakirudi. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa urefu.

Kabla ya kushika kopo la oili: ujue utando wa oili

Fikiria kipande cha chuma kinachokandamiza bamba la chuma kwa uzito wa kilo 100. Vikiwa vikavu, kukisukuma kunahitaji nguvu inayokaribia ile ya kunyanyua kilo 60, kutegemea na chuma chenyewe. Ukipaka oili ikabaki tabaka jembamba tu, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 10 hivi. Kipande kikielea kabisa juu ya oili, haifiki hata kilo 1. Tofauti hiyo yote inaletwa na kitu kisichoonekana kwa macho.

Kuelea huko kuligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akifanya majaribio ya beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Mashine ilipozunguka, oili ikapanda na kutoka kupitia tundu lile lile. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Alipofunga geji ya kupimia shinikizo akakuta oili iliyo ndani ina shinikizo kubwa kuliko hata wastani wa mzigo uliokuwa umewekwa juu yake. Miaka 3 baadaye, 1886, Osborne Reynolds alieleza sababu kwa hesabu. Shafti inayozunguka huiburuta oili na kuisukumiza kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, mfano wa kabari. Oili ikikosa pa kukimbilia, shinikizo lake linapanda mpaka linabeba shafti. Tairi la gari linaloelea juu ya maji barabarani linafuata kanuni hiyo hiyo, ila huko kuelea ni hatari na huku ndiko tunakokutafuta.

Hapa kuna jambo la kushika vizuri. Kabari hiyo inategemea vitu vitatu: unene wa oili, kasi ya mzunguko, na mzigo. Mashine iliyosimama haina kabari. Shafti imelala juu ya chuma, na kinachoitenganisha nacho ni tabaka jembamba mno la oili pamoja na dawa zilizochanganywa kiwandani, ambazo hushikamana na chuma na kukubali kulika kwa niaba yake. Ndiyo sababu injini huumia sana wakati wa kuwashwa. Iwashe, iache izunguke taratibu kwa muda oili ipande, ndipo uikanyage. Na ndiyo sababu bawaba ya mlango, ambayo haizunguki kwa kasi hata siku moja, inataka grisi inayong'ang'ania mahali pake. Oili nyepesi huko inatiririka na kuondoka.

Hatua ya kwanza: simamisha, kata umeme, tafuta sehemu zinazosuguana

Zima mashine na uchomoe waya wa umeme, au ufunge swichi kubwa kwa namna ambayo mtu mwingine hawezi kuiwasha bila wewe kujua. Usilainishe mnyororo au gia zinazozunguka kwa injini, hata kama umefanya hivyo miaka mingi bila kuumia. Kitambaa kikishikwa na gia, mkono unafuata.

Kisha zungusha kwa mkono, polepole, ukisikiliza na kuangalia. Tafuta kila mahali ambapo chuma kinapita juu ya chuma: pini, bushi, beringi, reli, meno ya gia. Weka alama ya chaki. Hatua hii ni ya dakika chache, lakini wengi wanairuka, ndipo unakuta cherehani iliyolowa oili nje huku pini ya ndani inayopiga mara mamia kwa dakika ikiwa kavu kabisa.

Hatua ya pili: safisha, na usiwe na haraka

Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili. Kwenye beringi ya mipira, yaani gololi za chuma, utando wa oili mara nyingi haufiki hata maikromita 1, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una takriban maikromita 70. Jicho zuri linaona chembe ya maikromita 40 hivi, ndogo zaidi ya hapo halioni. Maana yake, vumbi linaloweza kutoboa utando na kukwaruza chuma ni vumbi usiloliona. Ukitazama grisi na kusema "mbona iko safi," hujathibitisha kitu.

Chukua grisi ya zamani kutoka kwenye kikombe cha gurudumu la baiskeli, uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Grisi nzima inateleza kama siagi. Iliyoingiwa na vumbi inakwaruza kidogo, kama unga uliochanganyika na mchanga. Ukiongeza grisi mpya juu ya hiyo, mchanga hautoki, utakuwa umeutengenezea njia ya kuzunguka vizuri zaidi.

Kwa hiyo futa nje kwanza, hasa kuzunguka tundu la kutilia oili na ile nipeli, kichuchu kidogo cha chuma kinachopokea grisi kutoka kwenye pampu. Uchafu ulio juu ya nipeli ukiuacha, pampu itausukuma moja kwa moja ndani ya beringi. Sehemu unazoweza kufungua, zioshe kwa mafuta ya taa au dawa ya kuondolea grisi, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha zikauke kabisa. Tumia kitambaa kisichotoa nyuzi. Usipulize beringi kwa hewa ya kompresa huku ukiiacha izunguke kwa kasi. Ikiwa kavu inajikwaruza, na mipira inaweza kuchomoka na kukujeruhi.

Maji nayo ni uchafu. Kiasi kidogo mno, kama sehemu 1 katika 1,000 za oili, kinatosha kupunguza sana maisha ya beringi, kwa sababu maji hayabebi mzigo kama oili na yanaleta kutu.

Hatua ya tatu: chagua unene, ndipo ufikirie jina la kampuni

Watu hubishana sana juu ya kampuni gani ni bora. Swali la kwanza liwe mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka. Oili nyepesi mno haitengenezi kabari ya kutosha, na vyuma vinakutana. Nzito mno inaikaba mashine: inachelewa kufika inakotakiwa, inakula nguvu na kuzalisha joto.

Oili za viwandani huandikwa ISO VG ikifuatwa na namba kama 32, 46, 68, 100 au 320. Namba hiyo ni kipimo cha mnato kwenye nyuzijoto 40 za Selsiasi. Lakini oili hubadilika sana na joto. Oili ya kawaida ya VG 100 ikifika nyuzi 100 hubaki na mnato wa karibu 11 tu. Kwa hiyo usichague kwa kuangalia oili ikiwa baridi kwenye kopo, fikiria joto la mashine ikiwa kazini. Kanuni ya jumla ni hii: mwendo wa kasi na mzigo mdogo, oili nyepesi; mwendo wa polepole na mzigo mkubwa, oili nzito. Cherehani inataka oili nyepesi kabisa. Gia kubwa inayozunguka taratibu huku ikibeba tani inataka ya VG 320 au zaidi.

Oili za injini zina namba mbili, mfano 15W-40. Ile yenye W inaeleza inavyotiririka kwenye baridi wakati wa kuwasha, ya pili inaeleza unene wake injini ikiwa ya moto. Fuata kitabu cha gari. Injini ikishazeeka usikimbilie oili nzito ili kuficha sauti, kwani matundu madogo ya oili yalitobolewa kwa unene fulani. Kwenye pikipiki kuna mtego mwingine. Nyingi zina klachi inayooga ndani ya oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano zinazofanya klachi iteleze. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni, kama maji yanavyoshikwa na sponji. Oili ndiyo inayolainisha, sabuni inaizuia isikimbie. Ugumu wake hupimwa kuanzia 000, inayotiririka, hadi 6, iliyo ngumu kama kipande cha sabuni. Namba 2 ndiyo inayotumika zaidi kwenye beringi. Onyo: usichanganye grisi mbili usizozijua. Sabuni ya aina moja inaweza kukataana na ya aina nyingine, mchanganyiko ukalainika na kutiririka wote nje, au ukawa mgumu kama nta. Ukibadilisha aina, osha ya zamani yote. Rangi haikusaidii, maana bluu au nyekundu ni rangi tu aliyochagua mtengenezaji.

Zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizoshika kutu si kilainishi cha kudumu. Ni nyepesi sana, nyingi zinaruka hewani kwa muda mfupi, na zikiingia kwenye beringi zinaosha grisi iliyokuwemo. Zitumie kulegezea, kisha weka oili au grisi halisi.

Hatua ya nne: kiasi

Nilishawahi kuua beringi ya mota ya umeme kwa grisi safi kabisa, ya aina sahihi. Niliijaza hadi ikatokeza pembeni, nikaona nimeitendea haki. Baada ya saa moja hivi ya kazi, mkono haukuweza kukaa juu ya kifuniko. Mipira ilikuwa ikilima ndani ya grisi badala ya kuteleza, joto likapanda, oili ikajitenga na sabuni ikavuja yote. Nilipofungua nilikuta beringi imegeuka rangi ya kahawia na bluu, ile rangi ambayo chuma huipata kikiungua. Sabuni kavu ilikuwa imegandamana pembeni kama masizi.

Tangu hapo nafuata kipimo ambacho mafundi wengi wanakikubali: beringi inayozunguka kwa kasi ijazwe grisi theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi. Beringi ya polepole iliyo kwenye matope au maji inaweza kujazwa kabisa, kwa kuwa hapo grisi ni ukuta wa kuzuia uchafu na joto si tatizo. Ukitumia pampu ya grisi, kandamiza polepole na usimame unapohisi ugumu unaongezeka. Pampu ya mkono ina shinikizo la kutosha kung'oa sili, kile kizuizi cha pembeni kinachofungia grisi ndani, na sili ikishang'oka vumbi lina mlango. Kama mashine ina kizibo cha kutolea grisi ya zamani, kifungue kwanza, pampu, kisha acha izunguke kidogo kabla ya kukirudisha.

Pampu hiyo ina hatari nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Grisi inayovuja kwa shinikizo inaweza kupenya ngozi na kuingia ndani ya mkono. Alama yake ni tundu dogo kama la sindano, haliumi sana mwanzoni, na mtu anaendelea na kazi. Usiendelee. Nenda hospitali wakati huo huo na ueleze kwamba ni grisi iliyoingia kwa shinikizo, maana inaua nyama taratibu na kuchelewa kunaweza kugharimu kidole.

Kwa oili, heshimu mistari miwili ya kijiti cha kupimia. Ikipita juu ya mstari wa juu, kranki, ile shafti kuu ya injini, inaipiga na kuifanya povu, na povu limejaa hewa isiyobeba mzigo. Injini iliyozidishiwa oili inaweza kulika kama ile iliyopungukiwa.

Hatua ya tano: fikisha oili mahali penyewe

Mnyororo wa baiskeli au pikipiki ndio mwalimu mzuri wa hatua hii. Mtu anapaka oili nje, unang'aa, anaridhika. Lakini mnyororo haulikii nje. Unalikia ndani, pale pini inapozunguka kwenye tundu lake. Watu husema mnyororo "umevutika". Ukweli ni kwamba chuma hakijavutika hata kidogo, kila pini imelika kidogo, na ulikaji wa pini zaidi ya mia umejumlishwa ukawa urefu.

Unaweza kuupima mwenyewe. Kwenye baiskeli, kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake ni milimita 304.8 mnyororo ukiwa mpya. Uvute unyooke, weka rula. Ukipita milimita 306 na nusu hivi, badilisha. Ukifika 308, meno ya gia nayo yameshaharibika pamoja nao.

Kuulainisha: osha, ukaushe, kisha zungusha pedali kinyumenyume huku ukidondosha tone moja kwenye kila rola, upande wa ndani wa mnyororo. Endelea kuzungusha kwa dakika moja au mbili ili oili ivutwe ndani. Uache ukae, ikiwezekana usiku mzima. Halafu, na hapa ndipo watu hushangaa, futa nje kwa kitambaa kikavu mpaka karibu oili yote unayoiona imetoka. Oili ya nje hailainishi chochote. Inakusanya vumbi tu na kulipeleka ndani.

Fanya vivyo hivyo kwa fikra kwenye kila mashine. Jiulize oili inaingilia wapi, na inasukumwa na nini.

Mahali ambapo oili haitakiwi

Breki, bila mjadala. Nati na bolti zinazokazwa kwa kipimo maalumu, kama za magurudumu, zisipakwe isipokuwa kitabu kimeagiza, kwa sababu nyuzi zenye oili huteleza, na nguvu ile ile ya mkono inavuta bolti kupita kiasi. Vitasa vya milango huharibiwa na oili inayonasa vumbi, vipulizie unga wa grafaiti. Mpira wa asili huvimba ukikutana na oili inayotokana na mafuta ghafi, hapo tumia grisi ya silikoni. Na kwenye mitungi na vali za oksijeni, usiguse hata kwa mikono yenye grisi: oili ikikutana na oksijeni yenye shinikizo inaweza kuwaka na kulipuka yenyewe.

Hatua ya sita: rudi ukague

Baada ya kulainisha, endesha mashine na urudi baada ya robo saa. Gusa nyumba ya beringi kwa uangalifu. Joto kupanda kidogo mwanzoni halina neno ikiwa linatulia. Likiendelea kupanda, simamisha. Sikiliza pia: beringi yenye utando mzuri ina mvumo wa upole, inayokufa inanguruma au kulia.

Kwenye oili iliyotumika, macho na pua vinaeleza mengi. Weupe kama wa maziwa ni maji. Harufu ya kuungua ni joto lililozidi; na kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili kwa nusu hivi. Weusi peke yake kwenye injini ya dizeli usikutishe, ni masizi yaliyoshikwa kama inavyotakiwa. Mng'ao wa chuma ndio wa kuchunguza. Pitisha sumaku, kisha uangalie kilichonasa: unga laini ni ulikaji wa kawaida, vigae unavyoweza kuvihisi kwa kidole vinamaanisha kuna kitu kinavunjika. Ukitaka kuthibitisha maji, vaa miwani ya kinga na udondoshe tone moja la oili kwenye bati lililopashwa moto sana. Likitoa mlio wa kukaanga, maji yamo.

Andika tarehe, aina ya kilainishi na kiasi kwenye kikaratasi ukibandike kwenye mashine yenyewe, si kwenye daftari litakalopotea. Vaa glavu unaposhika oili ya injini iliyotumika, kwa kuwa ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kuleta saratani. Usiimwage chini wala kwenye mtaro. Ihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, isichanganyike na petroli wala maji, uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu ili isafishwe na kutumika tena.